Paris hadi Nîmes kwa treni za vijijini: siku saba, mtu mmoja, begi moja

Treni ya kasi ya TGV hutoka Paris hadi Nîmes kwa saa tatu hivi, na vijiji vyote vya katikati hupita dirishani bila hata jina kusomeka. Ipo njia nyingine ya zamani. Unapanda treni ya kawaida hadi Clermont-Ferrand, kisha unashika reli ya milimani inayokata safu ya Massif Central na kuteremkia kusini. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1870, ina karibu kilomita 300 na mahandaki zaidi ya 100. Treni inayokwenda moja kwa moja kutoka Clermont-Ferrand hadi Nîmes huchukua kama saa tano. Hapa imekatwa vipande vya siku saba, kwa mtu anayesafiri peke yake na anayetaka kulala katika miji midogo.

Kinachoamua safari hii ni ratiba, umbali si kitu. Kuna vituo ambavyo treni zake kwa siku zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na Jumapili zinapungua zaidi. Kwa hiyo kila siku ipange kutoka mwisho kwenda mwanzo: tafuta kwanza treni ya mwisho ya kufika unapolala, halafu rudi nyuma ujue una saa ngapi za kutembea.

Kabla ya kuondoka

Ratiba na tiketi zote zimo kwenye SNCF Connect, programu ya shirika la reli la Ufaransa. Treni za mikoa, TER, hazihitaji kuchagua kiti, na kwa kawaida bei yake haipandi siku ya safari ikikaribia. Treni za Intercités, kama ile ya Paris–Clermont, hupanda bei, kwa hiyo hiyo nunua mapema. Anayelipa kwa kadi ya benki ya Kenya au Tanzania ahakikishe laini yake ya nyumbani inapokea ujumbe akiwa Ulaya. Benki hutuma namba ya kuthibitisha malipo, na ujumbe usipofika malipo hukataliwa. Dawa rahisi ni kununua tiketi kubwa zote kabla ya kupanda ndege.

Jina lililo kwenye tiketi lifanane na la pasipoti. Mkaguzi anaweza kudai kitambulisho, na picha ya pasipoti kwenye simu si kitambulisho.

Reli hii inapita mikoa miwili, Auvergne-Rhône-Alpes kaskazini na Occitanie kusini, na mpaka wa kiutawala uko kabla tu ya Langogne. Punguzo la mkoa mmoja si lazima likubalike mkoa wa pili. Soma masharti yake kabla ya kulilipia.

Saa za ratiba ni za mtindo wa 24: 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, 17:40 ni saa kumi na moja na dakika 40 jioni. Linaonekana jambo dogo hadi mtu anaposoma 18:05 akaichukulia kuwa saa nane. Angalia pia maandishi madogo chini ya ratiba. "Sauf samedi, dimanche et fêtes" maana yake treni hiyo haipo Jumamosi, Jumapili wala sikukuu, na sikukuu za Ufaransa zimejaa Mei: tarehe 1, tarehe 8, na mara nyingi Kupaa na Jumatatu ya Pentekoste.

Neno lingine la kuliogopa kwenye ratiba ni "autocar". Hilo ni basi lililowekwa badala ya treni, mara nyingi kwa sababu reli inatengenezwa. Haliji jukwaani, husimama nje, kwenye uwanja wa kituo. Anayengoja kwenye reli huliona likiondoka.

Begi liwe moja, la mgongoni, lita 35 hadi 40, na liwe na kibandiko chenye jina lako, kwa kuwa shirika la reli linadai hivyo. Vituo vidogo havina makabati ya kuhifadhi mizigo wala lifti, na aliye peke yake hana wa kumwachia begi akienda msalani. Weka pasipoti, simu na kadi katika kipochi kinachobaki mwilini hata ukienda chooni ndani ya behewa. Namba za kuhifadhi: 112 kwa dharura yoyote, 3117 kwa usalama ndani ya treni na vituoni, au ujumbe mfupi kwa 31177 ikiwa hutaki jirani asikie unachoripoti.

Msimu mzuri ni Mei hadi katikati ya Septemba. Vuli upande wa kusini huleta mvua za ghafla ambazo wenyeji huziita épisodes cévenols: hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Mediterania hugonga milima na kumwaga kwa saa chache mvua ya wiki nyingi. Mito hufurika, mawe huanguka relini, na treni husimama.

Siku ya 1: Paris – Clermont-Ferrand

Treni za Clermont huondokea Paris Bercy, si Gare de Lyon. Vituo hivi viwili vimetengana kwa mwendo wa miguu wa dakika kumi hadi kumi na tano, na kila siku kuna anayekosea. Aliyezoea SGR, ya Mombasa au ya Dodoma, atatafuta foleni ya kukagua mizigo asiione. Hakuna ukaguzi wa kuingia, na hakuna haja ya kufika saa nzima kabla. Lakini namba ya jukwaa hutangazwa kama dakika 20 tu kabla ya kuondoka, na milango hufungwa dakika 2 kabla ya wakati ulioandikwa. Treni ya 09:00 kwa kweli ni ya 08:58.

Safari ni saa tatu na nusu hivi, sehemu kubwa tambarare. Nunua chakula kabla ya kupanda.

Clermont-Ferrand ni mji wa mawe meusi. Kanisa kuu lake limejengwa kwa jiwe la volkano lililochimbwa Volvic, na mjini ndiko yalipo makao makuu ya Michelin. Ukifika kabla ya saa sita mchana, muda unatosha kupanda Puy de Dôme, volkano iliyozimika yenye urefu wa mita 1,465. Treni ya meno (gurudumu lake la meno hung'ang'ania reli yenye meno), Panoramique des Dômes, inapanda hadi kileleni tangu 2012. Kileleni kuna upepo hata Julai, kwa hiyo koti lisibaki hotelini. Kama wingu limefunika kilele, okoa nauli.

Siku ya 2: Issoire na Brioude

Chukua TER ya asubuhi kwenda Issoire, kama nusu saa kusini. Hapa kuna mtego: treni za kwenda Aurillac hutumia reli hii hii hadi njia panda ya Arvant, kisha hukata kuelekea magharibi. Zote zinasimama Issoire, hivyo asubuhi haijalishi. Mchana, ukitoka Issoire kwenda Brioude, inajalisha sana. Soma jina la kituo cha mwisho kwenye kioo cha mbele ya treni, wala usitegemee saa peke yake. Na treni inapounganishwa ya pande mbili, sikiliza tangazo: huenda behewa la mbele na la nyuma yakaachana njiani.

Milango haifunguki yenyewe. Bonyeza kitufe cha kijani, ndani na nje. Wageni hukaa wakingoja mpaka treni inaondoka nao.

Kanisa la Saint-Austremoine la Issoire ni la karne ya 12, na ndani limepakwa rangi kuanzia sakafuni hadi darini. Rangi hizo ni za karne ya 19, na wapo wanaoziona kuwa kelele. Zitazame mwenyewe, dakika 40 zinatosha. Jumamosi asubuhi mji mzima ni soko. Nunua hapo jibini ya Saint-Nectaire na mkate, kwa sababu ya saa za kula: migahawa ya miji hii hupokea watu wa chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi karibu saa nane, jiko likafungwa mpaka saa moja jioni. Anayeshuka kwenye treni saa tisa alasiri hapati kitu. Jumapili alasiri na Jumatatu hata maduka mengi hufungwa. Akiba ya mkate, jibini na tunda begini ni sehemu ya vifaa vya safari hii, sawa na chaja ya simu.

Ukiingia duka lolote, anza na "Bonjour" kabla ya neno jingine. Kurukia swali bila salamu huku ni ukosefu wa adabu, jambo ambalo Mswahili halihitaji kuelezwa.

Brioude ni kama nusu saa nyingine. Basilika ya Saint-Julien ndiyo kanisa kubwa kuliko yote ya mtindo wa Romanesque, wa zama za kati, katika Auvergne. Tazama chini kwanza: sakafu imetandikwa kokoto za mto. Halafu tazama madirisha, ambayo ni ya kisasa kabisa, kazi ya Kim En Joong, padre Mdominikani mzaliwa wa Korea. Lala hapa. Hoteli ndogo hufunga mapokezi mapema jioni. Piga simu au tuma ujumbe useme saa ya kufika, wakupe namba ya siri ya mlango.

Siku ya 3: Le Puy-en-Velay

Huu ni mchepuko kutoka reli kuu, wa takriban saa moja kutoka Brioude, na ungekuwa umepungukiwa siku, hapa si pa kukata. Mji umekaa katikati ya nguzo za miamba ya volkano. Juu ya mmoja limesimama kanisa dogo la Saint-Michel d'Aiguilhe, la karne ya 10. Ngazi ni 268 na hakuna njia nyingine. Juu ya mwingine kuna sanamu ya Bikira Maria yenye urefu wa mita 16, iliyozinduliwa 1860, iliyosubuliwa kwa chuma cha mizinga 213 ya Warusi iliyotekwa Sevastopol. Panda Saint-Michel asubuhi na sanamu jioni. Mchana wa Julai mawe yanachoma.

Le Puy ni mwanzo wa njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, Hispania, na hilo lina faida kwa mtu wa peke yake. Hoteli za Ufaransa hutoza chumba, si kichwa, hivyo aliye mmoja hulipa karibu sawa na wawili. Gîte d'étape hutoza kitanda. Ni nyumba za wasafiri wa miguu, na aliyekuja kwa treni hupokelewa pia penye nafasi. Uliza "demi-pension": kitanda, chakula cha jioni na kifungua kinywa, mezani pamoja na wageni wengine. Sheria zake ni nyepesi: viatu huachwa mlangoni, shuka-mfuko la kulalia unakuja nalo, taa huzimwa mapema. Na watu huamka alfajiri, maana misa ya mahujaji katika kanisa kuu ni saa moja asubuhi. Mwenye usingizi mwepesi alete vizibo vya masikio.

Chakula cha hapa ni dengu za kijani, zinazolimwa kwenye udongo wa volkano na kulindwa kisheria kwa jina tangu 1996. Hazilowekwi, huiva kwa dakika 25 hivi. Kwa asiyekula nguruwe: karibu kila mgahawa huzipika na nyama ya nguruwe ya chumvi, na hata "salade de lentilles" mara nyingi ina vipande vyake. Uliza "Est-ce qu'il y a du porc?" kabla ya kuagiza. Kuuliza baada ya sahani kufika hakusaidii, kwa sababu nyama ilichemka pamoja na dengu.

Siku ya 4: makorongo ya Allier hadi Langogne

Hii ndiyo siku ambayo watu huja kuifuata, na ndiyo yenye hatari kubwa ya kuharibika. Kutoka Le Puy unarudi hadi Saint-Georges-d'Aurac na kubadilisha treni kuelekea kusini. Kituo kiko mashambani. Usitegemee kupata chakula wala maji. Usikubali muda wa kubadilisha ulio chini ya dakika 15 kama treni inayofuata ndiyo ya mwisho ya siku. Programu itakuuzia muda wa dakika sita bila haya.

Baada ya Langeac reli inaingia korongoni mwa mto Allier na kukaa humo hadi karibu na Langogne. Sehemu kubwa ya bonde hili haina barabara, hivyo kuliona vizuri ni kwa treni, kwa miguu au kwa mtumbwi. Treni yenyewe ni ya dizeli, mara nyingi behewa moja au mawili tu, nayo inakwenda polepole kwa sababu ya kona. Reli ni moja ya kwenda na kurudi, kwa hiyo treni mbili hupishana vituoni pekee: moja ikichelewa, ya pili nayo hukaa ikiingoja. Ndiyo maana dakika kumi za kuchelewa Langogne huweza kuwa nusu saa Langeac.

Kaa kiti cha dirishani kisichopakana na nguzo, na ufute kioo kwa kitambaa. Kupiga picha kunahitaji subira kwa kuwa handaki hufuata handaki. Weka kamera kwenye kasi kubwa ya kufunga, angalau 1/500, la sivyo kila picha ni ukungu wa majani. Majira ya joto kuna pia treni ya watalii yenye maelezo kati ya Langeac na Langogne. Ni nzuri, ila TER ya kawaida hupita reli ile ile.

Ukitaka kushuka katikati, shuka Monistrol-d'Allier, kijiji kilicho kwenye njia ya mahujaji. Lakini shuka tu kama umeshaona kwa macho yako treni inayofuata kwenye ratiba ya siku hiyo. Vituo kama hiki havina dirisha la tiketi. Kama unapanda bila tiketi, mfuate mkaguzi mwenyewe mara unapoingia, kabla hajakufikia. Anayengoja kukutwa huhesabiwa kuwa mkwepaji nauli.

Langogne ni mji wa mviringo uliozunguka kanisa lake, na una soko la nafaka lenye nguzo za mawe. Mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson alipita sehemu hizi mwaka 1878 kwa miguu akiwa na punda, na njia ya GR 70 inayofuata nyayo zake inapita mjini. Kwa hiyo hapa tena gîte zipo.

Siku ya 5: La Bastide na Villefort

Nusu saa ya kupanda inakufikisha La Bastide, kituo kilicho juu kidogo ya mita 1,000. Hapa maji yanagawanyika: Allier iliyokusindikiza jana huishia Atlantiki kupitia Loire, na vijito vya upande wa pili huenda Mediterania. Hapa pia ndipo reli ya kwenda Mende inapochepukia, kwa hiyo tena soma kioo cha mbele.

Kama kilomita tatu kutoka kituoni kuna abasia ya Notre-Dame-des-Neiges, ambako Charles de Foucauld aliingia utawani mwaka 1890. Watawa wa Kitrapisti waliondoka 2022 na nafasi yao kuchukuliwa na masista. Kwenda na kurudi kwa miguu ni saa mbili kwa mwendo wa kawaida. Kama treni zako zimeachana kwa chini ya saa tatu, usiende.

Kutoka hapa treni inateremka hadi mita 25 kwa kila kilomita, mteremko mkali kwa reli ya kawaida. Majani ya vuli yakilowana relini magurudumu huteleza, na treni zinazopanda huchelewa bila ajali yoyote. Kabla tu ya Villefort treni inavuka daraja la mawe la Altier. Linaonekana fupi kuliko lilivyo, kwa sababu bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1960 limemeza miguu yake.

Villefort ni pa kupumzikia. Ziwa ni la kuogelea Julai na Agosti, na miezi hiyo vitanda huisha.

Siku ya 6: Génolhac na Alès

Kufikia hapa mawe, mapaa na hewa vimebadilika. Michestnati (miti ya chestnut, yenye kokwa za kuliwa) imefunika milima. Zamani unga wa kokwa hizo ndio uliolisha watu wa milima hii ya Cévennes. Shuka Génolhac kama ratiba inakuachia saa mbili. Kijiji kina barabara moja ndefu ya zama za kati, na duka la mikate ndilo la kulitafuta kwanza kabla halijafunga kwa ajili ya mchana. Jibini ya hapa ni pélardon, ya mbuzi, ndogo ya kuingia kiganjani. Baada ya Génolhac reli inapinda juu ya daraja la Chamborigaud, na kwa kuwa daraja lenyewe limejikunja, matao yake yanaonekana ukiwa ndani ya treni.

La Grand-Combe ilikuwa ya makaa ya mawe. Reli ya kusini ilifika huko 1841, karibu miaka 30 kabla ya kuunganishwa na Clermont, na haikuletwa kwa ajili ya abiria. Alès nayo ni mji wa kazi, si wa kadi za posta. Mgodi wa Mine Témoin hutembelewa pamoja na mwongozo. Humo ndani ni baridi hata nje kukiwa nyuzi 35, hivyo chukua sweta. Alès pia ndiko Louis Pasteur alikochunguza ugonjwa wa viwavi wa hariri kuanzia 1865.

Siku ya 7: Nîmes

Dakika 40 hivi, na treni nyingi. Kituo kimejengwa juu ya matao, unashuka ngazi hadi mtaani, kisha dakika kumi za miguu hadi uwanja wa michezo wa Warumi. Hekalu la Maison Carrée liliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2023.

Kwa kurudi Paris, soma tiketi ya TGV neno kwa neno. Kuna Nîmes Centre, hii ya mjini, na kuna Nîmes Pont-du-Gard, iliyofunguliwa 2019 mashambani, zaidi ya kilomita kumi kutoka mjini. TER huunganisha vituo hivyo viwili, lakini si kila dakika. Kama tiketi inasema Pont-du-Gard, ondoka mjini na TER moja kabla ya ile ambayo programu inakupendekezea. Na jioni ya siku iliyotangulia, baada ya saa kumi na moja, fungua ratiba mara nyingine tena. Kukiwa na mgomo, ndio wakati orodha ya treni zitakazotembea kesho yake hutolewa.